Kondoo wawili chini ya mti: maonyesho ya kaunti ya Marekani yalivyoanza na yalivyokua

Swali: Tunaishi Ohio, Marekani, mwaka wa sita sasa. Binti yangu ana miaka 12, amejiunga na klabu ya 4-H, ya watoto na vijana wanaojifunza kwa vitendo mambo kama ufugaji, na anafuga mbuzi wawili ambao atawapeleka kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti yetu mwezi ujao. Mwaka jana tulikwenda kutazama tu. Upande mmoja mifugo, upande wa pili mabembea, na usiku magari makuukuu yanagongana huku watu wanashangilia. Mambo haya yalianzaje? Na kilimo kimebaki humo kweli, au ni kisingizio cha kuuzia watu viazi vya kukaanga?

Jibu: Dada yangu, hongera kwanza kwa huyo binti. Hilo swali lako la mwisho watu wameliuliza kwa zaidi ya miaka 150, na waliouliza kwa hasira zaidi walikuwa wakulima wenyewe. Wengi hudhani hapo zamani kulikuwa na maonyesho safi ya kilimo, kisha vichekesho na mabembea vikaja kuyaharibu. Mimi naona sivyo. Mtu aliyeyaanzisha alikuwa na kipaji cha kuvuta watu kuliko cha kulima, na burudani ilikuwemo tangu siku ya kwanza.

Tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo Kiingereza kinavipa jina moja: gulio na maonyesho. Uingereza ilikuwa na magulio tangu zama za kati, ambayo mji ulipewa kibali cha kuyaitisha kwa siku maalumu, na walowezi wakavuka bahari na desturi hiyo. Mji wa York, Pennsylvania, unahesabu maonyesho yake kuanzia 1765, ulipopata kibali cha aina hiyo kutoka kwa ukoo wa Penn uliomiliki koloni. Lakini lile lilikuwa gulio: unakwenda kuuza ng'ombe na kununua chumvi. Kwenye maonyesho huendi kuuza. Unakwenda kumshinda jirani yako mbele za watu, au kushindwa naye.

Wenye kutaka kuboresha kilimo walikuwepo pia, ila walikuwa mabwana wakubwa. Chama cha kilimo cha Philadelphia kiliundwa 1785, kwa mfano wa vyama vya Uingereza na Uskoti. Wanachama walikuwa matajiri wenye mashamba na wanasheria. Walisomeana makala juu ya mbolea na mzunguko wa mazao na kutoa nishani kwa aliyeandika vizuri. Mkulima wa kawaida, mwenye ekari zake chache na mawe mengi kuliko udongo, hakuwa na habari nao. Hata angekuwa nazo, wengi wao hawakuwa na imani na kilimo cha vitabuni, na sina hakika kwamba walikosea kwa wakati ule.

Hapo ndipo anapoingia Elkanah Watson. Alizaliwa Plymouth, Massachusetts, mwaka 1758. Akiwa kijana wa miaka 21 alivuka bahari kupeleka barua kwa Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani kule Ufaransa, akabaki huko kufanya biashara, akapata mali, akafilisika, akarudi. Akawa mtu wa benki na mpigia debe wa mifereji kule Albany, New York. Mwaka 1807, akikaribia miaka 50, akanunua shamba karibu na mji wa Pittsfield, katika Kaunti ya Berkshire, na kuamua kuwa mkulima. Unamjua mtu wa aina hii. Kila mji unaye mmoja: ana wazo jipya kila Jumatatu, nusu ya mawazo yake ni hasara, na nusu nyingine yanabadilisha nchi.

Watson alipata kondoo wawili wa merino. Kwa karne nyingi Hispania iliwalinda kondoo hawa kama hazina, kwa kuwa sufu yao ni laini kuliko ya kondoo wengine wa Ulaya, na kuwatoa nje ya nchi kulizuiwa. Ulinzi huo ulikuwa umeanza kulegea, na vita vya Napoleon vikaja kuuvunja kabisa. Mwaka 1802 David Humphreys, aliyekuwa balozi wa Marekani kule Hispania, alileta kundi zima Connecticut. Kisha mwishoni mwa 1807 Rais Thomas Jefferson akafunga biashara ya baharini kwa sheria ya vikwazo. Kitambaa cha Uingereza kikaadimika, na mwenye kondoo wa sufu nzuri ghafla akawa mtu wa maana.

Wahenga wetu walisema chema chajiuza. Watson hakuamini hivyo hata kidogo. Aliwachukua kondoo wake wawili akawaonyesha chini ya mti mkubwa uliokuwa katikati ya uwanja wa mji wa Pittsfield. Basi. Wakulima wakaja, na wanawake nao wakaja, wakashika sufu kwa vidole, wakabishana. Baadaye aliandika kwamba pale pale alipiga hesabu: ikiwa wanyama wawili tu wamevuta watu namna hii, itakuwaje mifugo ya kaunti nzima ikikusanywa mahali pamoja?

Mwaka 1810 wakulima wa Berkshire walioitikia mwito wake wakaleta mifugo Pittsfield kwa siku moja ya mwezi wa Oktoba. Mwaka uliofuata chama chao kikasajiliwa kisheria, na Septemba 1811 Watson akapata nafasi ya kufanya alichokitaka. Hakufungua kwa hotuba. Alifungua kwa maandamano. Makumi ya maksai waliofungwa kwa minyororo, mmoja nyuma ya mwingine, walivuta plau moja, na aliyeshika mikono ya plau ile alikuwa mzee kuliko wote katika kaunti. Nyuma yao ikaja bendi, wakaja mafundi na vitambaa vyao, wakaja wanachama wakiwa wamechomeka masuke ya ngano kofiani. Hebu fikiria wewe ni kijana wa miaka 15 kando ya barabara ile. Plau moja haihitaji maksai wengi hivyo. Makumi ya maksai hawakuwa pale kulima. Ilikuwa tamasha, na Watson alilijua hilo kuliko wote.

Kisa kingine chake nakipenda zaidi. Alitaka wanawake walete kazi zao za mikono, hasa vitambaa vya sufu walivyofuma nyumbani, kwa kuwa bila wao shamba la siku zile lisingesimama. Mwanzoni mwa 1813 akaandaa maonyesho yao na zawadi za fedha. Vitambaa vikaletwa, vikatandazwa ukumbini, lakini wenyewe hawakutokea. Waliogopa kuchekwa. Watson akamwomba mkewe aende akae ukumbini, kisha akatuma watu nyumba kwa nyumba wakawaambie wanawake wa mji kwamba Bibi Watson amekwisha fika na anawangoja. Kumwacha mgeni akingoja peke yake ni aibu kila mahali. Wakaja, ukumbi ukajaa. Ukiona leo meza ndefu za maandazi, jamu, mashada ya maua na mablanketi ya viraka kwenye maonyesho ya kaunti yenu, mizizi yake ni siku ile. Bila siku ile, nadhani maonyesho yangebaki mkutano wa wanaume wanaotazama mapembe.

Nimekaa sana kwa Watson kwa sababu mbinu yake ndiyo iliyodumu: mwite mtu jina lake mbele ya kaunti nzima, mpe kikombe cha fedha au cheti cha kutundika sebuleni, na jirani yake atakwenda nyumbani kimya akitafuta fahali bora kwa mwaka ujao. Hakuna makala iliyowahi kufanya hivyo. Watson alirudi Albany mwaka 1816 akaendelea kuandika barua kila upande kushawishi kaunti nyingine ziunde vyama. Mwaka 1819 bunge la jimbo la New York lilipitisha sheria ya kutenga dola 10,000 kwa mwaka kwa ajili ya vyama vya kaunti, na majimbo mengine ya kaskazini mashariki nayo yakatoa fungu lao.

Halafu yakaanguka. Watu wengi hawajui kwamba maonyesho haya yaliwahi kukaribia kufa. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 1819 bei za mazao zilishuka, na katikati ya miaka ya 1820 mabunge yakaanza kufunga mkono. Vyama vingi vilikuwa vimesimama kwa gongo la ruzuku; gongo lilipoondolewa, vikaanguka chini. Kulikuwa na malalamiko pia. Mkulima mdogo aliona zawadi zikichukuliwa kila mwaka na tajiri yule yule, mwenye uwezo wa kumlisha fahali mmoja nafaka majira yote ya baridi kama mtoto wa mfalme, hali ng'ombe wake wengine wamekonda kama wa watu wengine. Ushindi wa namna hiyo haumfundishi mtu kitu. Kufikia miaka ya 1830 sehemu nyingi zilikuwa hazina maonyesho tena.

Kufufuka kulianza New York. Mwaka 1841 jimbo lilirudisha fedha, na Septemba ya mwaka huo yakafanyika maonyesho ya kwanza ya jimbo zima mjini Syracuse, ambako walihudhuria watu kati ya 10,000 na 15,000. Safari hii mambo yalikuwa tofauti, maana mifereji na reli zilikuwa zimefika. Mkulima aliweza kupandisha fahali wake kwenye behewa, na mtengenezaji wa mashine aliweza kuleta mashine ya kuvunia kutoka mbali. Viwanda vya plau na mashine vilikuwa na njaa ya wateja, na maonyesho yalikuwa mahali ambapo wakulima elfu kumi wamesimama wanatazama, mifuko ikiwa bado ina kitu. Plau zilishindanishwa shambani hapo hapo, udongo ukapimwa umegeuzwa kwa kina gani. Kufikia 1858 vyama vya kilimo Marekani vilikuwa vimepita 900.

Wanasiasa nao hawakuachwa nyuma; mahali penye watu wengi hawakosi. Abraham Lincoln alihutubia maonyesho ya jimbo la Wisconsin mjini Milwaukee tarehe 30 Septemba 1859, mwaka mmoja kabla ya kuchaguliwa rais. Alizungumzia plau ya mvuke, kulima eneo dogo kwa ustadi badala ya kubwa kwa uvivu, na mkulima aliyesoma. Aliwaambia pia waziwazi kwamba hakuja kuwabembeleza wakulima kwa sifa, jambo ambalo wagombea wa leo wakila soseji mbele ya kamera wangefaa kulijaribu.

Sasa tuje kwenye kilichobadilisha kila kitu. Si reli wala mashine, ni uzio. Maonyesho ya Watson yalifanyika kwenye uwanja wa wazi wa mji, na yeyote aliingia. Vyama vilipochoka kuomba fedha bungeni, vilinunua ardhi pembeni ya mji, vikajenga mabanda ya kudumu, vikazungushia mbao na kuweka lango. Langoni zikaanza kukatwa tiketi. Na ukishakuwa na lango unawahitaji watu, si wakulima peke yao: unamhitaji fundi viatu, mwalimu, na wasichana wa kiwandani. Fundi viatu hawezi kulipa kiingilio ili atazame viazi.

Akaletewa farasi. Ukiingia kwenye uwanja wa maonyesho wa zamani utaiona njia ya mbio yenye umbo la yai, na jukwaa la kukaa watu upande mmoja. Mara nyingi viwanja hivyo vilipimwa kwa kuanza na njia hiyo, kisha mabanda yakajipanga kuizunguka. Kamati zilitoa maelezo ya heshima: haya si mashindano ya mbio, bali ni kupima uwezo wa farasi ili kuboresha uzao. Wachungaji wa makanisa hawakudanganyika, kwani waliwaona watu wakiweka fedha. Magazeti ya kilimo ya miaka ya 1850 na 1860 yamejaa barua za wakulima wanaolalamika kwamba farasi anayekimbia dakika chache anazawadiwa kuliko fahali aliyefugwa miaka mitatu. Walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini watunza hazina walikuwa na daftari, na daftari lilionyesha siku ya farasi ndiyo iliyolipa zawadi ya fahali.

Kuna upande ambao picha za ukumbusho hazionyeshi. Baada ya utumwa kukomeshwa, Wamarekani weusi wa kusini mara nyingi walifungiwa nje ya maonyesho ya wazungu au kutengewa siku yao, nao wakaunda ya kwao. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na kuwa msemaji mkubwa wa weusi wa zama zake, alihutubia chama chao cha kilimo na ufundi mjini Nashville, Tennessee, mwaka 1873. Raleigh, North Carolina, wakaanzisha maonyesho yao mwaka 1879. Kwa watu ambao wakati wa utumwa sheria haikuwatambua kumiliki hata kuku, kumleta ng'ombe wako mwenyewe uwanjani na kumwita jina lake kulikuwa na uzito mwingine kabisa.

Mabembea uliyoyaona yana tarehe. Mwaka 1893 Chicago iliandaa maonyesho makubwa ya dunia, na pembeni yake ikatengwa barabara ya burudani iliyoitwa Midway Plaisance. Hapo lilisimamishwa gurudumu la George Ferris, lenye urefu wa mita 80 hivi, na vyumba 36 ambavyo kila kimoja kilibeba watu 60. Watu walikubali kulipa ili wazungushwe hewani na kurudishwa pale pale walipoanzia! Wafanyabiashara waliokuwa pale waliliona hilo, na baada ya maonyesho kufungwa walianza kupakia mabembea, mahema na wacheza viini macho kwenye mabehewa na kuzunguka kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Viwanja vya kaunti vilikuwa tayari: vina uzio, vina lango, vina umati wenye fedha za mavuno. Mpaka leo sehemu ile ya mabembea Wamarekani wanaiita *midway*, na kampuni inayoyaleta huigawia kamati asilimia ya mauzo. Zamani zilikuja pia karata tatu na michezo ambayo huwezi kushinda, na kamati nyingi zilijifanya hazioni. (Ile sukari inayosokotwa ikawa kama pamba iliuzwa kwa mara ya kwanza kwa wingi kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904, na mmoja wa wavumbuzi wa mashine yake alikuwa daktari wa meno. Sisemi zaidi.)

Wakati huo huo maonyesho yalikuwa yananyang'anywa kazi yake ya kufundisha. Sheria ya Morrill ya 1862 iliyapa majimbo ardhi ya kuuza ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Sheria ya Hatch ya 1887 ikaleta vituo vya utafiti, na ya Smith-Lever ya 1914 ikatandaza huduma za ugani nchi nzima, yaani bwana shamba katika kaunti. Mkulima mwenye swali kuhusu ugonjwa wa mahindi hakuwa tena na haja ya kungoja Septemba.

Hapo maonyesho yangeweza kugeuka uwanja wa mabembea tu. Kilichoyaokoa kilitokea Ohio, jimbo lenu. Mwaka 1902, mjini Springfield, Kaunti ya Clark, mkuu wa shule aitwaye A. B. Graham alianza kuwakusanya watoto siku za Jumamosi, akawapa mbegu bora za mahindi, akawafundisha kupima udongo. Kwingineko walimu na mabwana shamba walikuwa wakifanya mambo kama hayo, na upande wa kusini ilianza kuonekana kwamba klabu za mahindi za wavulana zinafanikiwa pale wataalamu waliposhindwa. Baba hamsikilizi profesa, lakini mwanawe wa miaka 13 akivuna ekari moja kuliko yeye, na kaunti nzima ikashuhudia, baba atauliza mbegu ile imetoka wapi. Klabu hizo ndizo zilizozaa 4-H ya binti yako; jina hilo maana yake ni H nne, herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Mahali pa kuonyesha kazi ya watoto palikuwa tayari pamejengwa.

Viwanja hivi vilipitia pia aibu, na sioni vyema kuiruka. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, na baada ya Rais Franklin Roosevelt kutia saini amri namba 9066, Wamarekani wenye asili ya Japani waliokuwa pwani ya magharibi waliondolewa majumbani mwao. Kabla kambi za kudumu hazijawa tayari, walifungiwa kwenye viwanja vya maonyesho na vya mbio za farasi: Puyallup katika jimbo la Washington, na Pomona, Stockton, Fresno, Merced na Tulare huko California. Kwenye baadhi ya viwanja familia zililala katika mazizi yaliyopakwa chokaa haraka haraka, harufu ya farasi bado imo. Wengine miongoni mwao walikuwa wakulima ambao mboga zao zingeweza kushinda zawadi uwanjani humo humo.

Baada ya vita hesabu ya wakulima ilianguka. Mwaka 1900 karibu Wamarekani 4 kati ya 10 waliishi mashambani; leo hawafiki 2 kati ya 100. Ungetarajia maonyesho yafe nao. Hayakufa. Ohio ina kaunti 88 na idadi ya maonyesho imezidi hapo, kwa kuwa sehemu nyingine zina zaidi ya moja. Fedha hutoka kila upande: kiingilio, asilimia ya mabembea, kodi ya vibanda vya vyakula, wadhamini, na kupangisha mabanda wakati wa baridi kwa wenye boti na magari ya matembezi. Hayo magari makuukuu yanayogongana usiku ni farasi wa zamani kwa sura mpya: yanajaza jukwaa, jukwaa linalipa riboni wanazopewa washindi wa mifugo. Kutegemea mfuko mmoja bado ni hatari kama enzi za Watson. California ilihalalisha kamari ya mbio za farasi mwaka 1933 na kuelekeza sehemu ya mapato kwa maonyesho. Jimbo lilipofuta ruzuku yake mwaka 2011, kaunti kadhaa ndogo zilitikisika.

Mahangaiko ya siku hizi mengi ni ya afya. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya Kaunti ya Washington, New York, maji ya kisima yalichafuliwa na bakteria wa E. koli, mamia waliugua na wawili walifariki. Mwaka 2012 virusi vya mafua ya nguruwe viliambukiza watu zaidi ya 300, wengi wao watoto wa Indiana na Ohio waliokuwa wamekaa karibu na nguruwe kwenye maonyesho. Ndiyo maana utakuta sinki za kunawia mikono kila mlango wa banda, na ndiyo maana sehemu nyingine nguruwe hawakai uwanjani zaidi ya siku tatu. Ohio ina sababu ya ziada ya kuwa kali. Kwenye maonyesho ya jimbo ya mwaka 1994, baadhi ya maksai walioshinda waligunduliwa kuwa wamechezewa kwa dawa na mbinu nyingine, na tangu hapo sheria ikakazwa. Mafunzo ya ubora ambayo binti yako analazimika kuhudhuria kabla ya kuonyesha mnyama si urasimu wa bure.

Sasa nikujibu: kilimo ni kisingizio? Jioni, kwenye vile viazi, karibu ndiyo. Nenda saa mbili asubuhi, mabembea bado yamefunikwa. Ndani ya banda la mbuzi utakuta watoto wanachana manyoya na kufuta kwato kwa kitambaa, na baba mmoja anayejifanya hana wasiwasi. Ulingoni watoto husimama mstari mmoja, kila mmoja ameshika ukosi wa mbuzi wake na kumkinga kwa goti ili mnyama asukume mbele na misuli ijitokeze. Mwamuzi hupita taratibu akiweka kiganja mgongoni nyuma ya mbavu, pale kwenye nyama ya kiuno, anabonyeza kwa vidole, anapita. Hasemi kitu mpaka mwisho. Kisha hushika kipaza sauti na kueleza mbele ya wote kwa nini huyu wa kwanza na yule wa tatu. Mabishano ya chini ya mti wa Pittsfield ndiyo hayo hayo. Mle ndani, saa ile, hakuna kisingizio.

Yapo pia mashindano ambayo mwamuzi hamtazami mbuzi kabisa. Anamtazama mtoto: anamwongozaje mnyama, anajibu vipi akiulizwa umri wake, uzito wake na chakula chake. Binti yako ajiandae kwa hayo hata kama mbuzi wake ni wa kawaida. Watoto wenye mnyama wa wastani hushinda hapo.

Kuna jambo moja ningependa ulishughulikie wiki hii, usingoje siku ya maonyesho. Muulize kiongozi wa klabu mbuzi wale wameandikishwa kundi gani, la uzazi au la soko. Wa uzazi hurudi nyumbani. Wa soko huingia mnadani. Benki ya mji au muuza mbegu hununua kwa bei iliyo juu ya soko, kwa kumpa moyo mtoto na kujitangaza, kisha kwa kawaida mnyama hupakiwa lori la machinjioni. Watoto wengi wa Kimarekani wamekua wakijua hivyo, na bado utawaona usiku wa mwisho wamelala kwenye nyasi kavu kando ya mnyama wao. Binti yako huenda hajaambiwa. Kama ni wa soko, mwambie wewe mwenyewe, nyumbani, akiwa na muda wa kulia na wa kuuliza maswali.